Goel: Ndugu Aliye Karibu

Katika Biblia ya Kiswahili iliyo mikononi mwa Wakristo wengi wa Kenya na Tanzania, ile ya Muungano iliyotolewa kamili mwaka 1952, yuko mtu mmoja ambaye msomaji hukutana naye mara nyingi bila kumtambua, kwa kuwa kila anapotokea huwa na jina jingine. Katika kitabu cha Isaya huitwa Mkombozi. Katika kitabu cha Ruthu ni jamaa aliye karibu. Katika Ayubu ni Mteteaji. Na katika Hesabu, pale panapoelezwa miji ya makimbilio, ni yule mwenye kutwaa kisasi cha damu. Kwa Kiebrania wote hao wanne ni neno moja, goel, linalotamkwa kwa silabi mbili, go na el. Neno hilo limegawanywa mara nne, si kwa uzembe wa watafsiri, ambao walikuwa watu wa bidii kubwa, bali kwa sababu hawakupata neno moja la Kiswahili la kubeba kazi zote ambazo Waebrania wa kale walimtwika mtu mmoja. Na msikilizaji aliyeketi katika kanisa la Kisauni au la Changamwe, huko Mombasa, hana njia ya kujua kwamba yule anayetangazwa na Isaya, yule anayeliliwa na Ayubu na yule mwenye shamba la shayiri huko Bethlehemu wanaitwa jina moja.

Asili ya neno ni herufi tatu, gimel, alef na lamed, ambazo zikiunganishwa hufanya kitenzi gaal, na goel ni mtu anayekitenda kitenzi hicho, kama mkulima anavyotokana na kulima. Ugumu umo katika kueleza kitenzi chenyewe kinatenda nini. Ni desturi kukifasiri kuwa ni kukomboa, lakini fasiri hiyo huanzia mwishoni mwa habari, kwa kuwa kukomboa ni kazi moja tu miongoni mwa kazi za goel, nayo haielezi kwa nini mtu huyo huyo ndiye anayelipiza damu iliyomwagwa. Lililo karibu zaidi na ukweli ni kusema kwamba gaal ni kutenda undugu, yaani kufanya lile ambalo mtu, kwa kuwa ni ndugu, hana ruhusa ya kuacha kulifanya. Undugu katika neno hili si hisia, wala si damu iliyolala mishipani. Ni deni linalongojea siku yake. Wasomaji Waislamu wa Likoni na Kisauni hawako mbali na fikra hii, maana neno walii, anayesimama kwa niaba ya bibi harusi siku ya nikahi, linatoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya ukaribu, na walii hapati nafasi hiyo kwa ukarimu wala kwa mali, bali kwa kuwa yeye ndiye wa karibu.

Sheria ya Musa inazitaja kazi za goel kwa uwazi wa mambo ya nyumbani. Mtu akifukarika akauza sehemu ya ardhi yake, goel wake humwendea mnunuzi na kuirudisha. Mtu akifukarika zaidi hata akajiuza mwenyewe kwa mgeni mwenye mali, sura ya 25 ya Mambo ya Walawi inawapanga kwa zamu wale wanaopaswa kumtoa: ndugu yake, kisha ami yake, kisha mwana wa ami yake, kisha yeyote aliye wa karibu katika ukoo, isipokuwa yeye mwenyewe akipata uwezo wa kujitoa. Mtu akiuawa, goel ndiye anayeidai damu yake. Mtu akidhulumiwa, kisha dhalimu akaja kulipa baada ya aliyedhulumiwa kufa, malipo hupewa goel. Ardhi, mwili, damu na haki: kila kinachoweza kumponyoka mtu dhaifu kimewekewa mtu wa kukishika kisiende. Linaloshangaza ni kwamba sheria haimuulizi goel kama anampenda huyo aliyeanguka, wala kama aliyeanguka alijiponza mwenyewe, ingawa katika kila ukoo wapo waliojiponza.

Torati ina neno jingine la kukomboa, nalo ni padah, ambalo kwa msemaji wa Kiswahili si geni hata kidogo, kwa kuwa ndugu yake wa Kiarabu ndiye aliyetupa fidia. Padah ni neno la mizani: hapa kiko kitu, pale iko thamani yake, na anayetoa thamani huchukua kitu, awe nani. Mzaliwa wa kwanza wa punda hutolewa kwa mwana-kondoo, na hakuna anayeuliza kama mtoaji ana nasaba na punda. Kwa gaal swali la nasaba huja kwanza na swali la bei hufuata, na pengine bei haitajwi kamwe. Maneno haya mawili huandamana katika mashairi ya manabii hata yakafanana, lakini tofauti yao haijafutika, nayo ni tofauti kati ya mwenye fedha na mwenye wajibu. Padah limefika pwani yetu kupitia binamu yake wa Kiarabu, na goel halina binamu wa namna hiyo katika Kiswahili; neno lenye maana ya ndugu lilifika likiwa halina ndugu.

Lilikuwa limekwisha kupunguka hata kabla ya kufika. Wayahudi waliotafsiri Maandiko kwa Kiyunani, kuanzia Aleksandria karne kadhaa kabla ya Kristo, mara nyingi walitumia kitenzi kimoja chenye maana ya kulipia na kuachilia mahali pa gaal na mahali pa padah pia, ingawa katika Ruthu waliona aibu kulipoteza kabisa lile la ukoo wakatafuta neno la Kiyunani la jamaa wa karibu. Kilatini kikaja na redemptor, ambalo ndani yake mna kitenzi cha kununua. Hivyo kwa vizazi vingi vya Ulaya mkombozi akawa mnunuzi mwema, na wanatheolojia wakahangaika na swali ambalo Kiebrania hakikuwa kimelizaa: bei ililipwa kwa nani? Ni kwa njia hiyo ndefu, kutoka Yerusalemu hadi Aleksandria, hadi Roma, hadi Ujerumani na Uingereza, ambapo neno lilifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, ambaye mwezi uleule aliokuwa akianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa mji alikuwa pia akikaribia msiba wa kumzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga katika bara ya kaskazini, ng'ambo ya kisiwa.

Kiswahili kilikuwa na neno lake, komboa, na hapa ndipo inapofaa kutulia, kwa sababu neno hilo mara nyingi husemwa kana kwamba lilikuwa neno la sokoni tangu mwanzo. Kukomboa kulikuwa kwanza kutoa kitu au mtu katika rehani. Wamijikenda wa nyuma ya Mombasa walipopatwa na njaa, kama ile iliyoitwa Mwakisenge katikati ya miaka ya 1880, familia ziliweza kumpeleka mtoto au kijana kwa mwenye nafaka wa pwani, akae kwake na kumfanyia kazi mpaka deni lilipwe. Miongoni mwa Wadigo, ambao nchi yao inaanzia kusini mwa kivuko cha Likoni na ambao wakati huo ukoo wao ulifuata upande wa mama, mwenye mamlaka juu ya watoto alikuwa mjomba, kwa hiyo aliyewekwa rehani aliwatazamia watu wa ukoo wa mama yake, siyo mfadhili asiyejulikana. Mwenye kuja na pishi za mahindi au na fedha alikuwa mtu anayejulikana jina na uso. Kumbe kukomboa nako, katika matumizi hayo ya kale, kulikuwa na ndugu ndani yake. Bei ilikuwepo, lakini aliyeileta hakuwa mnunuzi.

Tofauti kati ya rehani na mtumwa ilisimama juu ya jambo hilo hilo. Aliyewekwa rehani alikula, akalala na kutumikishwa karibu sawa na mtumwa wa nyumba ileile, na kilichomtenga naye ni kwamba kulikuwa na watu mahali fulani waliojua alipo na waliokuwa na haki ya kuja. Njaa ikizidi, ndugu wakifa au wakihama au wakinyamaza, siku zikapita bila mtu kutokea, rehani aliteleza polepole akawa mtumwa, pasipo tangazo wala mnada. Mtu huyo alikuwa mtumwa kwa sababu goel wake hakuja. Wataalamu wa utumwa wa Afrika wamejaza vitabu kueleza kwamba mtumwa ni mtu aliyekatwa kutoka katika ukoo wake. Torati ilikuwa imelisema hilo kwa upande wa pili, kwa kumpa kila mtu katika Israeli orodha ya majina ya wale ambao lazima waje.

Siku ya kwanza ya Januari mwaka 1889 lilifanyika huko Rabai, katika misheni iliyo bara ya magharibi ya Mombasa, tendo la ukombozi ambalo lingeweza kuandikwa katika daftari la hesabu. Watoro waliotoka katika mashamba ya pwani walikuwa wamekimbilia misheni kwa miaka mingi, wenye kuwamiliki wakawafuata wakidai mali yao, na George Mackenzie, aliyekuja kwa niaba ya kampuni ya Imperial British East Africa, akaamua kuwalipa mabwana fidia kwa kila kichwa. Watu zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru. Lilikuwa jambo jema, na hakuna mtu aliyepokea karatasi ile ambaye angependa isitolewe. Hata hivyo mwandishi wa leo hana budi kuona kwamba waliopokea fedha ni wale waliokuwa wamewamiliki, na kwamba jambo hilohilo lilirudiwa mwaka 1907, serikali ya kikoloni ilipoiondolea hali ya utumwa kinga ya sheria katika pwani na kuwalipa wenye watumwa. Hiyo ni padah, fidia kamili, na wajukuu wa aliyefidiwa hawakuona hata senti yake.

Kutoka Misri hakukuwa hivyo. Mungu anaposema na Musa katika sura ya 6 ya Kutoka anatumia gaal, na katika habari yote inayofuata hakuna mahali Farao anapolipwa chochote. Kinachotangulia ni madai ya nasaba, kwa kuwa sura mbili nyuma yake Israeli ameitwa mzaliwa wa kwanza, mwana ambaye baba yake anamtaka. Ndugu hamnunui ndugu yake kwa mtu aliyemwiba. Karne nyingi baadaye, Waisraeli walipokuwa uhamishoni Babeli, sura ya 52 ya Isaya ikasema waziwazi kwamba watakombolewa bila fedha, na kitenzi ni kilekile. Sehemu hiyo ya pili ya Isaya, kuanzia sura ya 40, inalishika neno goel na kulirudia kuliko kitabu kingine chochote cha manabii, na sababu inaonekana: waliosikia walikuwa watu ambao nyumba zao zilikuwa zimevunjika, ardhi imekwenda, majina ya koo yamechanganyika, na hapakuwa tena na ami wala mwana wa ami mwenye uwezo wa kufika. Hapo ndipo nabii alipothubutu kumwita Mungu kwa jina la kazi ya kiukoo, kana kwamba zamu ya majina imepitiwa yote na sasa imefika kwake.

Frere Town, iliyo bara ya kaskazini upande wa Kisauni, ilianzishwa kwa ajili ya watu wa hali hiyo. Baada ya Uingereza kumshurutisha Sultani Barghash bin Said kutia sahihi mkataba wa mwaka 1873 na soko la watumwa la Unguja kufungwa, manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi yaliyobeba watu, na ilibidi pawe na mahali pa kuwashusha. William Salter Price, ambaye hapo nyuma alikuwa ameongoza kituo cha watumwa walioachwa huru karibu na Nasik nchini India, alifika Mombasa mwishoni mwa mwaka 1874, ardhi ikanunuliwa ng'ambo ya mji wa kale, na makazi yakapewa jina la Sir Bartle Frere. Walioshushwa walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine wa bara za mbali, wengi wao watoto. Waliwakuta pale Waafrika waliorudi kutoka India, waliojulikana kama Waafrika wa Bombay, ambao nao walikuwa wametekwa utotoni, wakasomeshwa ugenini na kubatizwa majina ya Kiingereza. Miongoni mwao ni William Jones na Ishmael Semler, waliowekwa wakfu kuwa mashemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885, na Matthew Wellington, mmoja wa walioubeba mwili wa David Livingstone hadi pwani, aliyeishi hadi mwaka 1935.

Watu hao hawakukombolewa kwa bei. Hakuna nahodha wa manowari aliyemhesabia mwenye jahazi fedha, na kwa upande huo kutoka kwao baharini kunafanana na kutoka Misri kuliko hati za Rabai zinavyofanana. Lakini walipotia mguu ufukweni walikosa kile ambacho neno goel linakitanguliza. Uhuru waliupata, wa kweli na wa kushukuriwa, ila ukaribu haukuja pamoja nao. Misheni iliwapa vibanda, majembe, kengele ya kuamsha na ya kusali, shule na ibada, na ardhi yenyewe ikabaki ya misheni. Katika Mombasa ya Miji Kumi na Miwili, ambamo hata Changamwe kabla ya kuwa jina la kituo na la mitambo lilikuwa jina la taifa, moja ya yale matatu yaliyoitwa Thalatha Taifa, mtu alijulikana kwa kuulizwa ni wa nani. Nao jibu lao pekee lilikuwa kwamba ni wa misheni, na watu wakawaita Wamisheni. Methali ya pwani inayosema kwamba mwacha asili ni mtumwa haikuwafaa, kwa maana hawakuiacha asili, walinyang'anywa, lakini methali haina nafasi ya kutofautisha hayo mawili, na hukumu yake ilikuwa chungu kwao kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Kiswahili kina neno moja zuri ambalo lilizaliwa katika hali hiyo, nalo ni mjoli, yaani mtumwa mwenzi, mtu ambaye hamkuzaliwa pamoja lakini mlitumikishwa pamoja. Tafsiri ya Muungano inalitumia katika nyaraka za Paulo, na ni mahali pachache ambapo tafsiri hiyo inagusa historia ya pwani kwa karibu kiasi hicho. Mjoli si goel. Mjoli anajua unayopitia kwa sababu naye anayapitia, ila hana cha kukutolea. Hata hivyo katika makazi ambayo hakuna mtu aliyekuwa na ami, wajoli walioshuka kutoka jahazi moja walianza kutendeana yale ambayo ndugu hutendeana, wakaozana, wakazikana, wakabeba watoto wao kwa wao kwenye ubatizo, na undugu ukaanza kutendwa kabla haujakuwepo. Jones mwenyewe, alipokuwa akiiongoza Rabai, aliwapokea watoro ambao wenye sheria walimtaka asiwapokee, na ni vigumu kudhani kwamba mtu aliyewahi kuuzwa aliwaona kama mali ya watu.

Kuna kifungu kimoja cha sheria ambacho wakazi wa kwanza wa Frere Town wangekitambua upesi kuliko wafafanuzi wengi. Sura ya 5 ya Hesabu, ikieleza malipo ya dhuluma, inataja uwezekano kwamba aliyedhulumiwa amekufa bila goel, na inaagiza kwamba malipo hayo yawe ya Bwana na kukabidhiwa kuhani. Walimu wa Talmud walishangazwa na kifungu hicho, wakauliza ni mtu gani katika Israeli anayeweza kukosa goel, maana ukipanda katika nasaba hadi kwa Yakobo lazima utampata jamaa wa mbali. Jibu lao ni kwamba anayezungumziwa ni mwongofu, mtu aliyeingia kutoka nje, ambaye akifa bila mtoto hana ukoo unaomjua. Haki yake haipotei kwa kukosa mtu wa kuidai. Inapaa hadi kwa yule ambaye hakuna wa kumpita kwa cheo. Ni fafanuzi ndogo ya kisheria, imejificha katika mjadala wa wizi na malipo, nayo ina uzito kuliko mahubiri mengi, kwa sababu inakiri kwamba mtu asiye na ndugu yuko kweli, haimfichi wala haimlaumu.

Ayubu naye asomwe hapo. Sura ya 19, kabla ya kufika kwenye neno goel, inapitia kama anayehesabu maiti wale wote walioondoka: ndugu zake wako mbali, waliomjua wamekuwa wageni, jamaa wamekoma kuja, wageni wa nyumbani mwake hawamtambui, mtumishi akiitwa haitiki, mke anakirihika, hata watoto wadogo wanamdharau. Orodha hiyo ni ile zamu ya Mambo ya Walawi ikisomwa siku ambayo kila mtu hakuja. Ndipo Ayubu anapodai kwamba goel wake yu hai. Aliyeandika Mteteaji hakukosea, kwa kuwa mazingira yanafanana na ya mahakama, lakini mteteaji aweza kuwa wakili yeyote anayelipwa, na nguvu ya kilio hicho ni kwamba mtu aliyekwisha kupoteza kila ndugu anataka ndugu, hataki wakili. Msikilizaji wa Kiswahili hunyimwa mpasuko huo kati ya orodha na dai.

Ardhi nayo haijaacha kumtafuta goel katika bara ya Mombasa. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya umiliki katika ukanda wa pwani wayathibitishe, na wengi walioishi kwa kulima bila karatasi wakajikuta maskwota katika makonde waliyozaliwa. Huko Likoni shamba lijulikanalo kama la Waitiki, lenye ukubwa wa zaidi ya ekari 900, lilivamiwa wakati wa machafuko ya mwaka 1997, mwenye hati akafukuzwa, na watu wakajenga. Serikali ilikuja kulinunua kwa zaidi ya shilingi bilioni 1, Rais Uhuru Kenyatta akakabidhi hati kwa wakazi mnamo Januari 2016, kisha ikafahamika kwamba kila mpewa anatakiwa kurudisha shilingi 182,000, na manung'uniko yakazuka upya. Hapa si mahali pa kuamua kesi hiyo, ambayo ndani yake mna dhuluma zaidi ya moja. Ila kwa macho ya sura ya 25, ambayo inaifanya ardhi isiweze kuuzwa kabisa na kuirudisha kwa ukoo mwaka wa hamsini hata kama hakuna goel aliyetokea, inaonekana jinsi watu wanavyotarajia kutoka kwa serikali tendo la ndugu na kupewa tendo la mkopeshaji.

Changamwe, penye mitaa ya wafanyakazi wa bandari, reli na viwanda waliotoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na Taita, hushughulika zaidi na miili kuliko ardhi. Vyama vya kufa na kuzikana, ambavyo jina lake linaeleza kila kitu, huchanga kila mwezi ili mwanachama akifariki mjini asafirishwe hadi kwao, na anayeshika daftari aghalabu ni mtu wa kijiji jirani tu, si mwana wa ami. Mchango huo una orodha yenye majina, una zamu, na anayeshindwa huulizwa. Uko karibu na goel kuliko sadaka nyingi.

Kitabu cha Ruthu ndicho kinacholimaliza neno hili kwa namna isiyotarajiwa. Langoni mwa Bethlehemu alikuwepo mtu aliye karibu zaidi kuliko Boazi, mwenye haki ya kwanza ya kuikomboa ardhi ya marehemu Elimeleki, naye alikuwa tayari mpaka aliposikia kwamba pamoja na konde anampokea Ruthu mjane wa Kimoabu ili jina la marehemu lisipotee. Akaogopa kuuharibu urithi wake mwenyewe, akavua kiatu. Mwandishi wa kitabu hamtaji jina. Anamwita peloni almoni, na peloni ni ndugu wa damu wa fulani yetu, iliyotujia kwa njia ya Kiarabu. Aliyekataa kulihifadhi jina la mwingine amebaki fulani hadi leo.

Mwishoni mwa kitabu, mtoto anapozaliwa, wanawake wa Bethlehemu wanamwambia Naomi kwamba Bwana hakumwacha bila goel siku ile, na kwa mtiririko wa maneno goel wanayemsema si Boazi mwenye mali bali ni mtoto mchanga aliye mapajani mwake, asiyeweza bado kukomboa chochote. Katika Frere Town pia ndugu wa kwanza ambao wengi walikuwa nao ni wale waliowazaa. Mmoja wa watoto hao, James Mbotela, alichapisha mwaka 1934 kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kinachosimulia kutekwa kwa baba yake na wenzake bara, mwendo wa kufika pwani, jahazi, manowari na maisha ya Frere Town. Kimelaumiwa kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini mtu aliyetekwa na kufanywa fulani alipata kwa mwanawe mtu wa kumtaja jina, na kumwuliza alitoka wapi, na kuliandika. Kuhusu mtoto wa Naomi kitabu cha Ruthu kinasema jambo moja zaidi, ambalo wasomaji hulipita haraka: waliompa jina la Obedi hawakuwa baba yake wala mama yake wala bibi yake, bali wanawake majirani.